Moshi wa jikoni: Jinsi ya kuipima hewa unayovuta nyumbani

WATU wengi wakisikia habari za hewa chafu huwazia moshi wa matatu katika Barabara ya Mombasa, viwanda vya Athi River, au jaa la taka linalofuka usiku kucha. Ni wachache mno wanaofikiria jikoni kwa mama yao. Ilhali, msomaji, hewa iliyo chafu kupita zote ambayo huenda ukaivuta maishani mwako haiko barabarani. Iko ndani ya nyumba, hatua mbili tu kutoka kwenye sufuria ya chakula chako.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 ulimwenguni, na kati ya waliofariki zaidi ya 237,000 walikuwa watoto ambao hawajatimiza miaka mitano. Humu nchini, sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba asilimia 55.1 ya familia zilikuwa zikipika kwa kuni, asilimia 11.6 kwa makaa na asilimia 7.8 kwa mafuta ya taa. Waliotegemea gesi walikuwa asilimia 23.9, na wengi wao ni wakaaji wa mijini. Ukijumlisha utaona kwamba takriban familia tatu kati ya kila nne zilikuwa zikipika kwa moto unaotoa sumu ndani au karibu na nyumba.

Nimechagua kuzungumzia Muthetheni, eneo la Mwala katika Kaunti ya Machakos, kwa sababu mbili. Kwanza, wagonjwa wengi ninaowaona wakiwa na vifua visivyopona wanatoka pande hizo, wao na majirani zao wa Masii, Mbiuni na Wamunyu. Pili, Muthetheni ina hatari zote mbili kwa pamoja. Mashambani kuna jiko la kuni, aghalabu chumba kidogo kilichojengwa kando ya nyumba kubwa. Sokoni kuna chumba kimoja cha kupanga ambamo mtu hupika, hula na kulala. Wewe unayeishi Kayole, Mlolongo au mjini Machakos chumba hicho cha pili unakifahamu vizuri, na kama kwenu ni Ukambani basi cha kwanza pia hukionea wivu kila Desemba unapokula isyo iliyopikwa kwa kuni.

KIKOHOZI CHA ASIYEVUTA SIGARA

Kuna aina ya mgonjwa ambaye nimemwona mara nyingi kiasi kwamba naweza kumweleza kabla hajaketi. Ni mama wa miaka hamsini au sitini. Anakohoa kila asubuhi na kutema makohozi, na akipanda mlima na mtungi wa maji hulazimika kusimama mara mbili tatu ili avute pumzi. Amekwisha kupimwa kifua kikuu, pengine mara tatu, na hakuna kilichoonekana. Amemeza antibiotiki za kila rangi. Ukimwuliza kuhusu sigara anacheka, kwani hajawahi kuigusa. Lakini ukimwuliza ni miaka mingapi ameinama juu ya mafiga matatu, utasikia kwamba alianza akiwa msichana wa miaka minane au tisa, na hajaacha hadi leo.

Mapafu hayaulizi kama moshi umetoka kwenye tumbaku au kwenye mgunga. Kinachoyaumiza ni chembechembe ndogo mno za masizi, hasa zile ambazo upana wake hauzidi mikroni 2.5. Unywele wa binadamu una upana wa mikroni 70 hivi, kwa hiyo chembe hizi huwezi kuziona moja moja hata ukikaza macho namna gani. Vumbi kubwa hunaswa puani na kooni, nasi hulitoa kwa chafya na kikohozi. Hizi ndogo hupita zote, zikafika kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, pale hewa inapokutana na damu. Mwaka baada ya mwaka njia za hewa huvimba na kukazana. Ndipo unapoingia ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ambao wengi vijijini huuita tu pumu ya uzeeni. Dawa za kuvuta kwa mdomo huupunguzia makali, lakini sehemu ya pafu iliyokwisha kuharibika hairudi.

Si mapafu peke yake. Moshi huohuo unahusishwa na maradhi ya moyo, kiharusi, saratani ya mapafu na mtoto wa jicho. Kwa watoto wadogo unahusishwa na nimonia, na anayeumia zaidi ni yule mchanga anayebebwa mgongoni na susu yake saa zote za mapishi kwa sababu hakuna mwingine wa kumshika.

Nikumbushe jambo moja hapa ili nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba kila kikohozi kinatokana na moshi. Kikohozi kikizidi wiki mbili, nenda ukapimwe kifua kikuu hata kama jikoni kwako kumejaa moshi mpaka mlangoni. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

JIPIMIE MWENYEWE

Usidhani kwamba kupima hewa ni kazi ya mtu wa maabara pekee. Kipimo cha kwanza ni pua yako, ila ina kasoro: huzoea. Ukikaa mahali penye harufu kwa dakika chache, huisikii tena. Ndiyo maana mwenye nyumba atakuapia kwamba jikoni kwake hakuna moshi, naye mgeni amesimama mlangoni akifuta machozi. Basi toka nje, kaa mbali na moshi robo saa, kisha rudi ndani kwa ghafla wakati wa kupika. Kile utakachosikia puani na machoni katika pumzi tatu za mwanzo ndicho kweli.

Kipimo cha pili ni ukuta na paa. Inua macho utazame mabati na utando wa buibui. Utando mweusi unaoning'inia kama uzi wa sufi ni masizi yaliyokosa mahali pa kutokea. Yaliyobaki kwenye mabati ni sehemu ndogo tu. Mengine yalishukia vifuani. Tazama pia weusi umeanzia kimo gani. Kama mstari wa masizi umeshuka mpaka kwenye kimo cha kichwa cha mtu aliyesimama, moshi hukaa chini na hupati pa kuukwepa ila kwa kuketi.

Kipimo cha tatu nakipenda kwa sababu hakigharimu chochote. Chukua vitambaa viwili vyeupe, vilowanishe kidogo, kimoja ukitundike jikoni kwenye kimo cha kichwa cha mtu aliyeketi juu ya kigoda, na cha pili chumbani wanamolala watoto. Viache kwa jioni nzima ya mapishi. Kesho yake viweke sambamba juani. Cha jikoni kitakuwa kimebadilika rangi, hilo tunalijua. Swali ni cha chumbani. Kikiwa nacho kimeingia weusi, ujue kwamba ule ukuta kati ya jikoni na chumba cha kulala haukulindi, na mara nyingi utakuta pengo juu yake, chini ya paa, ambapo moshi hupita kama mwenyeji.

Ili kujua upepo unaelekea wapi, washa kijiti cha ubani, ukizime kibaki kinafuka, kisha ukisogeze polepole kwenye dirisha, mlango na pengo la paa. Moshi wake mwembamba utakuonyesha hewa inaingilia wapi na inatokea wapi. Nimeona majiko yenye madirisha mawili mazuri yaliyo upande mmoja, ambayo hayatoi kitu, kwa sababu hewa inahitaji pa kuingilia na pa kutokea.

Halafu hesabu saa. Andika kwa siku tatu moto uliwashwa saa ngapi, ukazimwa saa ngapi, na nani alikuwa ndani. Katika nyumba ya Ukambani hesabu hii hushangaza wengi. Chai na uji wa asubuhi havichukui muda. Lakini muthokoi au isyo ya maharagwe makavu inaweza kuchemka saa tatu au nne, na wakati huo wote kuna mtu wa kusukuma kuni na kuongeza maji.

VIFAA NA TARAKIMU

Siku hizi kuna vifaa vidogo vya kupimia chembechembe hizi, ambavyo hutumia mwale wa leza na kuonyesha tarakimu kwenye kioo. Vinaagizwa kwa urahisi na baadhi ya wasomaji wamekwisha kuniuliza kama vinafaa. Vinafaa, mradi ujue udhaifu wake. Mvuke wa sufuria huvidanganya, na moshi mzito wa kuni huvichanganya, hivyo usiape kwa tarakimu yenyewe. Kazi yake kubwa ni kulinganisha: jikoni kabla ya kutoboa dirisha na baada ya kulitoboa, jiko la zamani na jiko jipya. Watafiti huweka kifaa takriban mita moja kutoka kwenye meko, kwa urefu wa mita moja na nusu hivi kutoka chini, mbali na mlango na dirisha, na kukiacha saa 24. Nawe fanya hivyo, tena mahali palepale kila mara.

Kipimo cha WHO cha mwaka 2021 kinasema wastani wa siku nzima wa chembe hizo ndogo usizidi mikrogramu 15 katika kila mita ya ujazo ya hewa. Kwa chembe kubwa kidogo, zile za mikroni 10, kikomo ni mikrogramu 45. Sasa linganisha na yaliyoonekana hapa kwetu. Watafiti Majid Ezzati na Daniel Kammen walifuatilia watu 345 katika familia 55 huko Mpala, Laikipia, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2001 katika jarida la kitabibu la Lancet. Baadhi ya watu hao walikuwa wakivuta wastani wa zaidi ya mikrogramu 2,000 za chembe za mikroni 10 kila siku, yaani zaidi ya mara 40 ya kikomo hicho.

Utafiti wa Laikipia ulionyesha mambo mawili ambayo kila anayetaka kurekebisha jiko anapaswa kuyajua. La kwanza ni kwamba moshi hauji sawasawa. Huja kwa vishindo: wakati wa kuwasha, wa kuongeza kuni, wa kukoroga. Na nani yuko karibu na moto wakati huo? Ni mwanamke. Kwa hiyo kifaa kilichowekwa pembeni kinaweza kuonyesha wastani wa kuvumilika ilhali mpishi amevuta moshi wa kukaba koo mara ishirini.

La pili ni gumu zaidi kumeza. Maradhi ya kifua yaliongezeka kadiri moshi ulivyoongezeka, lakini ongezeko hilo lilikuwa kali zaidi katika viwango vya chini, na kuanzia mikrogramu 1,000 hadi 2,000 kwenda juu likapungua kasi. Maana yake ni kwamba ukiutoa moshi kutoka 4,000 ukaufikisha 2,000, umefanya kazi kubwa na huenda mwili usione tofauti kubwa. Faida yenyewe iko chini zaidi.

JIKO BORA SI LAZIMA HEWA BORA

Tangu miaka ya 1980 tumehimizwa kununua majiko bora. Jiko la makaa lenye udongo wa kuchomwa ndani, ambalo sasa linauzwa katika kila soko, lilienea miaka hiyo. La kuni, lile la udongo liitwalo Maendeleo na ambalo Magharibi mwa Kenya huitwa Upesi, nalo lilifika vijijini. Ni majiko mazuri. Yanapunguza kuni na makaa, na mwanamke anayepunguziwa safari za kutafuta kuni amepunguziwa mengi. Lakini hayana dohani. Moshi uliobaki, ingawa ni mdogo, bado unamwagika ndani ya chumba kilekile.

Nchini Malawi, watafiti waligawa majiko ya kisasa yenye feni ya kuchochea moto, wakawafuatilia watoto 10,750 kwa miaka miwili. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2016 hayakuonyesha tofauti yoyote ya nimonia kati ya waliopewa na wasiopewa. Utafiti mwingine, uliofanywa Rwanda, Guatemala, India na Peru, uliwapa akina mama wajawazito takriban 3,200 nafasi katika makundi mawili; kundi moja likapewa jiko la gesi pamoja na gesi ya bure kwa miezi 18. Moshi ulipungua sana. Hata hivyo, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 hayakuonyesha kupungua kwa nimonia kali kwa watoto wa chini ya mwaka mmoja.

Je, tukate tamaa? La. Mimi naisoma habari hii hivi: nimonia ya mtoto ina vyanzo vingi, na kuondoa kimoja hakutoshi. Mtungi wa gesi hauwezi kuchukua nafasi ya chanjo ya nyumokoka, ambayo Kenya imekuwa ikiwapa watoto tangu 2011, wala nafasi ya maziwa ya mama. Kwa mapafu ya mtu mzima hadithi ni nyingine. Katika wilaya ya Xuanwei nchini China, wakulima waliokuwa wakichoma makaa ya mawe kwenye mashimo ya wazi ndani ya nyumba walibadilisha na kujenga majiko yenye dohani. Saratani ya mapafu ilipungua, na ule ugonjwa sugu wa njia za hewa ukapungua pia, lakini nafuu hiyo ilionekana wazi baada ya miaka kama kumi. Anayejenga dohani leo Muthetheni asimwulize mkewe baada ya wiki mbili kama kikohozi kimeisha.

MTUNGI ULIOFUNIKWA KITAMBAA

Sasa nizungumze nawe mwana wa Muthetheni unayefanya kazi mjini. Huenda umemnunulia mama jiko la gesi, ukapiga picha, ukarudi Nairobi na moyo mweupe. Ukirudi baada ya miezi sita unalikuta limefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake kuna chombo cha maua ya plastiki, na mama yuko kulekule kwenye kuni. Usimlaumu. Gesi iliisha, na wa kuubeba mtungi mtupu hadi sokoni hakuwepo. Tena anajua, na ni kweli, kwamba sufuria moja ya isyo itakula gesi ya siku nyingi. Serikali nayo haijasaidia kwa kuyumbayumba: ushuru wa VAT kwenye gesi uliondolewa 2016, ukarudishwa kwa asilimia 16 mwaka 2021, ukashushwa hadi 8 mwaka 2022, na kufutwa tena 2023. Mama aliyeacha gesi mwaka ule wa 2021 si rahisi kumrudisha.

Kinachofanya kazi, kwa niliyoyaona, ni kugawa mapishi. Gesi itumike kwa yale ya haraka: chai, uji, mayai, mboga, hata ugali. Yaani kila kitu kinachowafanya watu wawashe kuni mara tano kwa siku, kwani tumeona kwamba ni kule kuwasha ndiko kunakotoa vishindo vya moshi. Isyo na muthokoi vibaki kwenye kuni, lakini kwenye banda la nje lililo wazi pande mbili, na kwa muda mfupi. Maharagwe yalowekwe usiku kucha na maji yamwagwe. Yachemshwe kwa moto mkali, kisha sufuria ifunikwe na kutiwa ndani ya kapu lililojazwa nguo kuukuu, majani makavu au manyoya ya mto, likafungwa vizuri. Kapu hilo huendelea kuivisha kwa joto lililomo, bila moto na bila mtu wa kulinda. Lichunguze baada ya saa kadhaa. Kama bado, lichemshe tena kidogo urudishe. Wako watakaokuambia utie magadi ili yaive upesi. Yataiva, lakini magadi huharibu baadhi ya vitamini.

Na wewe wa mjini, badala ya kununua jiko jipya lenye vichomeo vinne, panga na kijana wa bodaboda awe anabadilisha mtungi kila unapoisha, umlipe wewe kwa simu.

Kama jiko la kuni litaendelea kuwa ndani, basi lirekebishwe kwa jinsi linavyoruhusu. Paa la nyasi la zamani lilipenyeza moshi, mabati huuzuia. Wengi waliweka mabati kisha wakaziba kwa matofali na udongo lile pengo kati ya ukuta na paa ili kuzuia baridi na wezi. Lifungueni tena, mkiweka wavu wa chuma. Shirika la ITDG, ambalo baadaye liliitwa Practical Action, lilifanya kazi na akina mama wa Kajiado na Magharibi mwa Kenya kuanzia 1998. Walipanua madirisha, wakaacha mapengo ya paa, na wakatengeneza vifuniko vya bati vilivyotundikwa juu ya meko vikiwa na bomba la kutolea moshi nje. Madirisha yalisaidia kidogo, lakini vile vifuniko vilishinda vyote. Fundi yeyote wa mabati wa pale sokoni anaweza kukiunda ukimchorea. Bomba lipite juu ya kilele cha paa, la sivyo upepo utaurudisha moshi ndani, na lisafishwe masizi kabla halijaziba.

Kuni zikauke miezi kadhaa chini ya kivuli kabla ya kutumiwa. Kuni mbichi zinatoa moshi kwa sababu sehemu ya moto inakaushia maji. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Agosti 2017, lakini bado naona watu wakiwashia moto kwa karatasi za nailoni, vipande vya ndoo na mpira wa tairi. Huo si moshi wa kawaida. Ni sumu juu ya sumu.

Mara kwa mara wazee huniambia kwamba moshi una kazi yake: hukausha mbegu zilizotundikwa juu ya meko na kufukuza dumuzi. Ni kweli, na babu zetu hawakuwa wajinga. Ila siku hizi kuna magunia yasiyopitisha hewa ambayo huua wadudu bila moshi wala dawa, mradi mahindi yawe yamekauka kabisa kabla ya kutiwa. Hakuna haja ya mjukuu kuvuta hewa inayomkimbiza mdudu.

CHUMBA KIMOJA SOKONI

Hadi hapa tumezungumza juu ya moshi unaoonekana. Katika vyumba vya kupanga, pale sokoni Muthetheni na katika mitaa yenu ya mijini, kuna hatari isiyoonekana kabisa.

Zipo ndogondogo ambazo nazitaja kwa haraka. Kijiti cha kufukuzia mbu, kile cha mviringo, kikiungua chote hutoa chembe ndogo sawa na sigara kati ya 75 na 137, kwa vipimo vilivyochapishwa mwaka 2003. Chandarua hakitoi hata moja. Mafuta ya taa, yawe ya stovu au ya koroboi, WHO ilishauri tangu 2014 yasitumiwe majumbani. Gesi yenyewe ni safi zaidi, lakini mtungi ukiunganishwa upya paka povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu, gesi inavuja.

Kubwa ni jiko la makaa linaloingizwa chumbani usiku. Muthetheni nayo ina baridi ya Juni hadi Agosti, na mtu aliyemaliza kupika nje huona ni hasara kuyaacha makaa yazimike. Hungoja moshi uishe, makaa yawe mekundu tii, kisha huingiza jiko, hufunga mlango na kuziba nafasi ya chini kwa gunia. Anaamini kwamba pasipo na moshi pana usalama. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayomwaga hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi, harufu wala ladha. Hewa hii hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu huendelea kuzunguka, lakini haina cha kubeba.

Kitambaa cheupe hakiwezi kuikamata hewa hii, wala pua. Kipimo chake cha nyumbani ni kuulizana. Je, watu wawili au watatu wa chumba kimoja huamka na maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu kwa pamoja? Je, maumivu hayo huisha wakitoka nje, na kurudi usiku? Malaria haiwapati watu wote wa nyumba usiku mmoja na kuwaacha asubuhi. Mara nyingi watu hawa hununua dawa za malaria, wakalala tena na jiko lilelile. Mjamzito yumo hatarini zaidi, kwa kuwa mtoto aliye tumboni huumia hata mama akijiona ana nafuu.

Viko ving'ora vya kutambua hewa hii, na kwa anayepika au kuota moto wa makaa ni fedha iliyotumika vyema. Kiwekwe chumba cha kulala, kwenye kimo cha kichwa cha mtu aliyelala. Lakini fahamu jinsi kinavyofanya kazi. Vile vilivyotengenezwa kwa kanuni za Ulaya hupiga kelele hewa hiyo ikifika sehemu 50 katika milioni kwa muda wa saa moja hadi saa moja na nusu. Ikiwa 30 vinaweza kunyamaza kwa saa mbili na zaidi, ilhali WHO haitaki mtu avute hata 10 kwa saa nane. Kwa hiyo kimya cha king'ora si cheti cha kulala na jiko. Kuacha dirisha wazi kidogo pia si dawa. Jiko likae nje usiku, blanketi la pili linunuliwe.

Ukikuta watu wamezirai ndani ya chumba chenye jiko, fungua mlango na madirisha, watoe nje upesi, usikae ndani kuwaamsha. Wasiopumua wasaidiwe kupumua. Wote, hata wanaosema wamepata nafuu, wapelekwe hospitali yenye oksijeni. Mtu akivuta hewa ya kawaida, sumu hii huchukua saa nne hadi tano ili nusu yake itoke katika damu. Akipewa oksijeni tupu kwa barakoa, huchukua saa moja na kitu.

Hospitalini watamtia mgonjwa kile kifaa kidogo cha kubana kidole kinachopima oksijeni. Kifaa hicho cha kawaida hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba kaboni monoksaidi, hivyo kinaweza kuonyesha 98 kwa mtu anayekaribia kufa. Mhudumu asiyejua mlilala na nini anaweza kuwarudisha nyumbani na dawa ya maumivu. Mwambie mara tu unapofika, usingoje kuulizwa, kwamba jiko la makaa lilikuwa chumbani na liliwaka kwa muda gani.